Filimbi Mbili za Mzee Gwakisa

Miaka michache nyuma, mtu wa Tukuyu akiona foleni alijiunga kwanza, akauliza baadaye kinauzwa nini. Ungeweza kusimama asubuhi nzima ukitegemea sukari, ukarudi nyumbani na viberiti vilivyolowa, na bado ukamshukuru Mungu. Halafu ruksa ya biashara huria ikaingia. Ilipofika Krismasi ya mwaka tisini na mbili, maduka ya mjini yalikuwa yamefura vitu, vingine vimetundikwa nje kwenye kamba kwa kukosa nafasi ndani. Obed aliingia sokoni pamoja na shemeji yake Sekela, na macho yake hayakujua yatue wapi.

“Shemeji, ona! Chupa ya chai yenye picha ya tausi!”

“Huyo tausi atamwokoa baba na maji?”

“Hapana, ila chai itakaa moto.”

“Twende mbele.”

Walienda mbele. Obed alisimama tena kwenye kofia za majani, akasimama kwenye redio ya kaseti yenye spika kubwa kama matiti ya beberu aliyekosea jinsia, akasimama kwenye miwani ya jua, katika wilaya ambayo jua lenyewe huja kama mgeni wa mbali. Kila aliposimama, Sekela alimvuta kwa mkono wa shati. Tangu amalize kidato cha nne Obed hakuwa na kazi ya kueleweka, lakini kwa kazi ya kushangaa alikuwa na digrii.

Dukani kwa Prosper ndipo walipotulia. Prosper alikuwa Mchaga aliyekuja Tukuyu kujaribu biashara mwezi mmoja, akaoa, akanenepa, akasahau njia ya kurudi.

“Karibuni wateja wangu! Zawadi ya nani leo?”

“Ya mzee wetu,” alisema Obed.

“Mzee anapenda nini?”

“Kukaa kwake,” Sekela akajibu.

Prosper alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki, akafunga mdomo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mzee Gwakisa, baba yake Obed, aliishi Suma kwenye mteremko, nyumba imeegemea mlima kama mtu aliyechoka. Obed siku hizi alilala Msasani, pale pale Tukuyu, kwa rafiki zake, akitafuta maisha, na maisha yakimkwepa. Kaka yake wa kati, Reuben, alifanya kazi Mbeya na mwaka huo hakupata likizo. Kwa hiyo mtu pekee aliyeishi jirani na Mzee ni Sekela, mke wa Reuben, nyumba yake ikiwa ng’ambo ya safu ya migomba. Jirani mzuri, mwenye macho makali na miguu myepesi. Tatizo ni kwamba alikuwa mkamwana.

Kwa Wanyakyusa wa kale, mkamwana na baba mkwe huogopana kwa heshima. Mkamwana hamtazami mkwewe, hamwiti, haingii alimo. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Mchungaji alikwisha kusema kanisani kwamba siku hizi si lazima, na wengi wameacha. Lakini Mzee Gwakisa alilelewa hivyo, na Sekela naye alilelewa hivyo, tena hakuona kama ni mzigo. Alipoulizwa alisema, “Ndiyo adabu yangu kwake. Nikiiacha nitampa nini kingine?” Kila siku alipika, akaacha chakula kwenye kigoda cha barazani, akaenda zake. Mzee alikula, akarudisha bakuli tupu pale pale, mara nyingine limejaa maparachichi. Waliishi vizuri kuliko watu wengi wanaosalimiana.

Mpaka mvua za Aprili. Mzee alikuwa kitandani na homa, mchana kweupe, maji yakaanza kushuka nyuma ya nyumba. Sekela aliyaona. Alisimama uwani akipiga makofi, akakohoa, akarusha mawe madogo batini. Kuingia hakuweza, kuita hakuweza. Akakimbia mpaka kwa jirani wa mbali, Ambwene, bonde na kilima, amlete mtu wa kumwambia Mzee atoke. Waliporudi, maji yalikuwa yamefika kwenye godoro, na Mzee ameketi juu ya meza akitetemeka, ameshika Biblia na ndizi.

Meshaki, mtoto mkubwa, afisa aliyeishi Bulyaga mjini, alipopata habari hizo alikata shauri: Baba anahamia mjini. Obed alibishana naye miezi yote. Mzee akitolewa Suma, kwenye migomba yake na ng’ombe wake, atakauka kama kuni za juani, hilo Obed alilijua kama alivyojua jina lake. Mwisho Meshaki akasema, “Haya. Krismasi nakuja. Mnionyeshe kwamba anaweza kujitegemea, siku ya hatari mtu anamwambia na yeye anatoka. Mkishindwa, narudi naye.”

“Kujitegemea!” Prosper alisema baada ya kusimuliwa, akipangusa mikono kwenye suruali. “Hilo neno nilidhani lilikwenda na foleni. Subirini.”

Akaanza kushusha vitu. Mabuti meusi ya mvua, na Obed akatoa mfukoni kamba ya mgomba aliyompimia baba yake mguu akiwa amelala. Tochi ya betri tatu, nzito, unaweza ukamwangazia mwizi au ukampiga nayo. Turubai la buluu. Beleshi jipya linalong’aa. Ndoo yenye mfuniko wa kubana, ya kuwekea viberiti, chumvi na unga visilowe. Obed alipokea kila kitu kwa shangwe, akavaa mabuti kichwani, akamulika tochi kwenye pua ya Prosper.

“Shemeji, tumemaliza! Meshaki akija atakuta Baba ni jeshi zima!”

Sekela aliyatazama yale mabuti. “Vizuri vyote. Lakini mimi nikiona maji yanashuka, namwambiaje?”

Obed akazima tochi.

“Mwite tu,” alisema Prosper. Sekela aliinamisha uso akafunika mdomo kwa kitenge, na Prosper mwenyewe akaona haya, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu.

“Basi piga debe,” alisema Obed.

“Debe kila mtu anapiga, kufukuza nyani. Atajua ni mimi?”

“Kengele?”

“Ng’ombe wake ana kengele. Nikiipiga atakwenda kumtazama ng’ombe, tena kule kule maji yanakotokea.”

Obed alikuna kichwa chini ya buti. Ukutani, kando ya mipira, zilining’inia filimbi za refa. Kwa kuwa mizaha ilikuwa ndiyo njia yake ya kufikiri, alichomoa moja, akaipuliza kwa nguvu zote, akamwelekezea Prosper kidole. “Penalti! Umepandisha bei ndani ya kumi na nane!”

Watu walicheka. Mama aliyekuwa akiuza ndizi ng’ambo ya barabara aligeuka, na mbwa mmoja akaondoka kabisa. Sekela peke yake hakucheka.

“Piga tena,” alisema.

Obed akapiga tena, safari hii bila mbwembwe.

“Hiyo inasikika hata kwenye mvua,” Sekela alisema taratibu, na uso wake ukaanza kufunguka. “Shemeji, inasikika! Na si sauti yangu. Simwiti mimi, inaita filimbi! Chukua mbili.”

“Mbili za nini?”

“Na yeye anijibu. Nitajuaje amesikia?”

Obed alimtazama, akavua buti kichwani kwa heshima.

Sikukuu ilifika bila mvua, muujiza wa kwanza. Baada ya ibada, Meshaki aliteremka kwenye pikapu ya kukodi akiwa na mkewe, Stumai, mwalimu kutoka Morogoro. Stumai alimwendea Mzee moja kwa moja, akampa mkono, akamuuliza habari za mgongo. Mwanzoni mwa ndoa yao jambo hilo lilimfanya Mzee akose usingizi, hadi alipopata njia ya kulielewa. “Yule si mkamwana,” aliwaambia wazee wenzake. “Yule ni Serikali.” Tangu hapo walielewana sana.

Meshaki naye alikuwa na zawadi. Ilikuwa sanduku kubwa la nguo, la kijani, lenye kufuli na funguo mbili. Mzee alilitazama kama mtu aliyeletewa jeneza la kipimo chake.

“Zuri,” alisema. “Linakwenda wapi?”

“Baba, chumba kiko tayari. Kina kitanda, kina dirisha.”

“Dirisha lako linatazama ukuta.”

“Ukuta haukushukii na kukutoa kitandani.” Meshaki aliketi, sauti ikamlegea. “Baba, Aprili ulikutwa juu ya meza. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha silali vizuri. Mimi si kwamba nataka kukutesa.”

Obed alikimbilia kufungua mzigo wake. Mzee alivaa mabuti, akatembea nayo barazani akigonga visigino kama askari wa gwaride. Aliwasha tochi juani, akaizima, akaiwasha. Turubai alilinusa. Alipopewa filimbi, yenye kamba nyekundu ya kuvaa shingoni, akauliza, “Nachezesha mechi gani?”

Obed akaeleza kwa mikono na miguu. Mpulizo mmoja: chakula kipo kigodani. Miwili: napita uwani, naomba usitoke. Mitatu: hatari, toka, panda kwenye kichuguu cha juu. Na Mzee akisikia, anajibu mmoja mfupi. Sekela alikuwa na yake, nyuma ya ukuta wa jikoni kwake, tayari.

“Tufanye jaribio,” alisema Meshaki, akakunja mikono.

Mpulizo mmoja ulilia. Mzee akajibu, akacheka mwenyewe kwa furaha. Miwili ikalia. Mzee akajibu, akaingia ndani, na Sekela akapita uwani na ndoo yake kichwani kama malkia. Stumai alipiga makofi. Obed alikwisha anza kucheza.

Kisha mitatu. Mzee akajibu, akatoka mbio na mabuti yake, tap tap tap, akashika njia ya kichuguuni. Sekela, mtu mwenye akili, naye aliishika njia ya kichuguuni kutoka upande wake, kwa sababu hatari ni ya wote na kichuguu ni kimoja. Wakakutana uso kwa uso kwenye kona ya migomba.

Sekela aliruka kushoto, kumbe na Mzee ameruka upande huo huo. Wakajirekebisha, wote wawili, kwenda kulia. Mwishowe Sekela alijifunika kitenge kichwa kizima akakimbia asikokuona, na Mzee akajitupa ndani ya mfereji, mabuti yakibaki juu kama alama za mshangao.

Obed na waliomchangia mawazo walisahau jambo moja tu: watu wanaokimbiana hawawezi kukimbilia mahali pamoja.

Meshaki alimwinua baba yake, akampangusa matope, na hakucheka. “Nimeona,” alisema. “Baba, nenda ukachague nguo.”

Mzee alikaa kwenye kigoda akavua filimbi shingoni, akaizungusha vidoleni, akaitazama migomba yake moja baada ya nyingine.

Ndipo sauti ya Sekela ilipotoka zizini. Alikuwa ameegemea boma, amewapa wao mgongo, akimpapasa ng’ombe na kuzungumza naye kwa sauti ambayo hata Ambwene ng’ambo ya bonde angeweza kuisikia.

“We ng’ombe, wewe una masikio makubwa, nisikilize. Hivi mlima huu una kichuguu kimoja tu? Mwenye mji si aende kwenye jiwe kubwa la juu? Mimi nishuke upande wa kahawa, kuna kiinuko pale, hata maji ya Aprili hayakukifikia. Kila mtu na njia yake. Tatizo pale jiweni hakuna njia, ni magugu. Lakini si kuna beleshi jipya? We ng’ombe, si kuna wanaume wawili wameshiba wali?”

Mzee Gwakisa alikohoa. Yeye naye alimgeukia kuku aliyekuwa karibu.

“We kuku,” alisema, “mwambie ng’ombe ndaga fijo. Asante sana. Mwambie ana akili.”

Obed alishanyakua beleshi. Alifyeka na kuchimba akiimba nyimbo za Krismasi kwa maneno aliyotunga mwenyewe, yasiyofaa kanisani. Meshaki alibaki barazani na viatu vyake vya sikukuu. Alidumu hivyo mpaka Stumai alipovua vyake, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe.

“Mke wangu, utachafuka!”

“Nimeshachafuka. Wewe endelea kulilinda sanduku.”

“Serikali imeingia kazini!” Mzee akapiga kelele, akapuliza filimbi bila sababu yoyote. Meshaki akavua viatu.

Jioni ile njia ya jiweni ilikuwa imekatwa, ngazi za udongo zimeshindiliwa, na nyuma ya nyumba mfereji umezibuliwa nusu. Walilala wakiumwa viungo vyote. Meshaki hakusema lolote kuhusu kuondoka au kubaki. Alisema tu kwamba pikapu inarudi kesho jioni.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Tukuyu ikakumbuka kwamba ni Tukuyu. Wingu lilishuka mpaka kwenye migomba, na mvua ikaanguka kana kwamba mtu amefungua geti. Obed, Meshaki na Stumai walikuwa kwa Sekela wakila viazi na maziwa mgando. Mzee alikuwa kwake amejilaza. Sekela alisimama mlangoni muda mrefu akitazama nyuma ya nyumba ya baba mkwe wake. Kisha akafunga kitenge, akaingia mvuani, akaenda mpaka pale mfereji ulipoonekana.

Filimbi ililia mara tatu.

Meshaki alipindua bakuli. Obed alimdaka shati, kifungo kikaruka.

“Kaka, ngoja!”

“Baba yuko ndani!”

“Siku nyingine utakuwa Bulyaga! Ngoja ajibu!”

Walisikiliza. Mvua ilikuwa ikipiga bati kama wendawazimu mia. Hakuna jibu. Sekela alipuliza tena, mitatu mirefu, mwili mzima umejikunja. Kimya. Sasa hata Obed alimwachia kaka yake, na si kumwachia tu, alimtangulia, akateleza, akaanguka kifudifudi, akainuka mdomo umejaa Suma.

Ndipo ikalia. Fupi moja, kali, tena haikutokea nyumbani. Ilitokea juu.

Mzee Gwakisa alikuwa amesimama kwenye jiwe kubwa, turubai la buluu mabegani kama joho la askofu, tochi inawaka mchana, mabuti kayavaa kushoto kulia na kulia kushoto. Alikuwa kimya muda ule wote kwa sababu alikuwa akipanda ngazi, na mtu wa umri wake hana pumzi ya kugawa mara mbili. Upande wa chini, kwenye kiinuko cha kahawa, Sekela alikuwa amekwisha fika na ng’ombe, kamba mkononi. Kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Na katikati yao maji mekundu yalishuka, yakasukuma ukuta wa jiko la Mzee, ukalala taratibu kama mtu anayesinzia kanisani. Ndani hakukuwa na mtu.

Sekela akapuliza mmoja. Mzee akajibu mmoja. Akapuliza tena. Akajibiwa. Watu wawili wamepeana visogo, wamelowa chapachapa, wanapigiana filimbi mlimani kama marefa waliogombea mechi.

Meshaki alianza kucheka. Alicheka akashika magoti, akacheka akakaa kwenye matope na suruali yake ya ofisini, na Obed alipomwinamia aliona kwamba si mvua peke yake inayomtiririka usoni.

“Ametoka,” Meshaki alikuwa akisema. “Obed, umeona? Ametoka mwenyewe! Alimwambia, akatoka!”

“Nimeona kaka.”

“Na buti kageuza!”

“Nimeona!”

Mvua ilipopungua, Mzee aliteremka kwa njia yake, na Sekela alipuliza miwili, akangoja jibu, ndipo akapita na ng’ombe. Wanaume walisimama wakitazama lilipokuwa jiko. Meshaki alishika kiuno.

“Ukuta huu tutaujenga kwa matofali ya kuchoma,” alisema. “Tena usiwe hapa, usogezwe mbele. Na mfereji unataka kuzibuliwa wote, nitakuja Jumamosi. Na ukipata homa?”

“Nitapuliza minne,” alisema Mzee.

“Na Sekela akiwa hayupo?”

“Ambwene naye anunuliwe filimbi yake. Pasaka si ipo?”

Meshaki alivuta pumzi, akaitoa. “Basi baki, Baba.”

Obed aliruka juu akiwa na beleshi, akamshukuru Mungu kwa kelele, akamkumbatia baba yake hadi filimbi ikawabana kifuani. Ng’ambo ya migomba, Sekela aliyekuwa akisikiliza kila neno alimwambia ng’ombe maneno ya furaha ambayo ng’ombe hakuyaelewa na wengine wote waliyaelewa.

Mzee alijitoa mikononi mwa Obed, akaketi, akanyoosha miguu avuliwe mabuti.

“Sasa nikuulize wewe,” alimwambia Meshaki. “Huko Bulyaga kwako, siku ya hatari, umelala fofofo kama ninavyokujua, nani anakwambia utoke?”

Meshaki alimgeukia mkewe. Stumai alikuwa akisuuza miguu kwenye dimbwi, kanga imepanda magotini.

“Mbona unanitazama mimi?” alisema. “Mimi nitakuwa nimeshatoka.”